Chakula cha Sabato cha Diwani

Chura yule nilimuua mimi. Ninaliandika hilo mwanzoni ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mwuaji. Hakuuawa na Chandrakala, wala na kumbikumbi, wala na baridi ya mjini kama mume wangu alivyopenda kusema. Ni mimi, Bathsheba, mwalimu wa wakulima wa pareto, mwenye diploma ya kilimo iliyotiwa fremu ukutani. Kumuua kulinichukua dakika mbili. Kusema kulinichukua siku kumi na moja.

Tulihamia Kisii mjini mwezi wa Aprili 1971, mvua za masika zikiwa zimeshika. Nilikuwa nimepandishwa cheo. Miaka saba nilizunguka mashamba ya Magwagwa kwa miguu nikiwaonyesha watu jinsi ya kuchuma maua ya pareto na kuyaanika. Sasa nilipewa meza, baiskeli na tarafa mbili. Mume wangu, Mogaka, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu na uhamisho wake ulikataliwa. Tukakubaliana abaki shambani na mama yake, awe anakuja mjini kila Ijumaa. Mimi nikamchukua binti yetu Bochaberi, mwenye umri wa miaka tisa.

Bochaberi hatukumuuliza. Siku hizo mtoto hakuulizwa. Alimwacha nyanya yake, akawaacha wenzake wa kisimani, akapanda lori bila kulia. Nikamsifu kwa hilo. Tulipofika mjini hakusema neno. Siku ya pili hakusema pia, alijibu kwa kichwa tu. Nilidhani ni deko, nikaendelea na kazi zangu.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa nyuma ya duka la Manubhai, lililouza kila kitu kuanzia misumari hadi pipi. Vilikuwa vyumba viwili na jiko, vikitazamana na vyumba vya Manubhai mwenyewe, mkewe Indu na binti yao Chandrakala wa miaka kumi. Kati yetu palikuwa na uwanja wa saruji na pipa la kukinga maji ya mvua.

Vyombo vyangu nilikuwa nimevifunga kwa majani ya mgomba, kama kila mtu wa kwetu anavyofanya: makavu kwa sahani, mabichi kwa vikombe. Siku ya tatu ndipo nilipopata nafasi ya kuvifungua. Nilikuwa nimeshika kikombe cha nne Bochaberi alipopiga kelele.

"Mama, usikunjue!"

Nilishtuka kuisikia sauti yake. "Nisikunjue nini?"

"Hilo jani. Kuna mgeni."

Ndani ya mkunjo wa jani alikaa chura. Si wale wakubwa wa mabwawani wenye magamba ya matope. Huyu alikuwa wa migombani, kijani kama chipukizi la chai, mdogo kama punje ya harage, na nyuma alikuwa bado na kisiki cha mkia wa utotoni. Ncha za vidole vyake zilikuwa duara, nazo zilinata kwenye kikombe changu kama zimetiwa gundi.

"Mtupe nje," nikasema.

"Nje wapi? Nje ni saruji."

Nilichungulia uani. Kweli ilikuwa saruji tupu, ukuta hadi ukuta, na paka wa duka amejinyoosha katikati.

"Basi tumrudishe Magwagwa."

"Nimpeleke mimi?" Aliuliza haraka mno, macho yakamwaka. "Naweza kwenda naye kesho. Niende nikae na Magokoro?"

Magokoro ndivyo alivyomwita nyanya yake. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba halikuwa deko.

"Huendi popote," nilisema. "Na yeye haendi. Tafuta chupa."

"Mimi iko na chupa," ikasema sauti mlangoni. Alikuwa Chandrakala, nywele zake katika mikia miwili, shavu limevimba kwa kipande cha sukari guru. "Kubwa. Ya pipi. Baba nitaomba." Akasogea, akainama juu ya kikombe. "Inauma?"

Bochaberi alimtazama juu hadi chini. "Inauma wenye nywele ndefu tu."

Chandrakala akashika mikia yake kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua tatu, kisha wote wawili wakacheka. Usiku huo binti yangu alikula sahani mbili.

Mimi sikusomea vyura. Nilisomea mimea, ng'ombe na wadudu. Lakini mtu hutumia anachokijua. Chini ya chupa niliweka udongo mbichi na ukungu wa kijani niliokwangua ubavuni mwa pipa. Nikasimamisha kijiti cha mpera. Jani la mgomba tuliomba kwa akina mama wa ndizi wa soko la Daraja Mbili, ambao walitaka kujua ni la kufungia nini, na Bochaberi akawajibu kuwa ni kitanda. Mdomo wa chupa niliufunga kwa kipande cha chandarua. Kisha nikatoa amri, nikawafanya wasichana wote wawili wazirudie kwa sauti. Maji ni ya pipa, si ya mfereji, kwa sababu ya mfereji yametiwa dawa. Mkono wenye sabuni usimguse. Jua lisiipige chupa. Mdudu asizidi upana wa kichwa chake. Na mdudu lazima awe hai, kwa sababu kisichosogea, kwa chura hakipo.

Wakawa wanawinda nzi uwanjani kila alasiri. Manubhai alisema tangu tuhamie amepumzika kufukuza nzi kwenye pipi zake.

Mogaka alipokuja Ijumaa ya kwanza alimtazama chura kwa muda mrefu. "Huyu ni diwani," alisema. "Anakaa. Anafura koo. Anangoja kuletewa." Jina likabaki.

Sikumwambia mtu wakati ule, lakini kila asubuhi kabla ya kupanda baiskeli nilipita kumwona. Penye mwanga mkali aligeuka rangi ya maziwa yenye majani ya chai. Jioni alirudia ukijani wake. Kisiki cha mkia kilikwisha katika wiki moja. Alipanda kijiti hadi juu, akakunja miguu, akakaa kama mtu aliyefika kwake. Na Bochaberi akawa anazungumza. Shuleni alikwenda na Chandrakala, akarudi na Chandrakala, Kiswahili chao kikivunjika kila upande na hakuna aliyejali.

Sasa nifike kwenye Ijumaa ya tatu.

Nyumba ile ilikuwa na kunguni. Walikuwa wamerithiwa kutoka kwa wapangaji waliotangulia, wakajaa kwenye nyufa za ukuta. Mwalimu wa pareto kulala na kunguni ni aibu ambayo sikukusudia kuibeba. Nilisaga maua makavu kwenye kinu, nikachekecha, nikachanganya na jivu laini, nikatia kwenye kopo la maziwa nililolitoboa kwa msumari. Chupa ya Diwani niliitoa nje kwanza. Niliiweka kivulini nyuma ya pipa na kuifunika kitambaa chenye maji, mbali na vumbi. Hapo nilifanya kila kitu sawasawa. Nyumba nikaifunga saa mbili nzima, nikafungua, nikafagia, nikapangusa. Nilikuwa nimewafundisha mamia ya watu kufanya vile vile. Pareto haimdhuru mtu, haimdhuru ng'ombe, inamaliza mdudu. Ningeweza kuyasema maneno hayo nikiwa usingizini.

Lakini ilikuwa Ijumaa, na Msabato anaijua Ijumaa alasiri. Jua likizama, kazi imekwisha. Chakula cha kesho kiwe kimepikwa, kuni zimepasuliwa, nguo zimepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi. Mimi nilikuwa nimetumia nusu ya siku kwa kunguni. Jua lilikuwa limebaki kiganja kimoja juu ya mabati, maharage hayajaiva, na Bochaberi alikuwa bado bafuni na mapovu kichwani.

"Mama!" alipiga kelele. "Diwani hajapata chakula cha Sabato! Kesho hatuwindi!"

Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe. Kama sisi hatupiki siku ya Sabato, alisema, basi hatuui nzi pia. Diwani atiliwe chakula chake Ijumaa kama Mkristo. Mimi nilicheka lakini nilipendezwa.

"Oga," nikamjibu. "Nitamtafutia mimi."

Kwenye kizingiti cha dirisha, pale nilipokuwa nimetoka kufungua, nzi walikuwa wamelala chali. Hawakuwa wamekufa. Walikuwa wanapiga miguu na kuzunguka papo hapo, wakitoa mlio mwembamba. Nilifurahi. Nzi asiyeweza kuruka hatatoroka nikifungua chandarua, nao walikuwa wanasogea, na chura anataka kinachosogea. Nilichagua wanne wadogo. Nikawatia chupani. Diwani akageuza kichwa, akasogea hatua moja, ulimi ukatoka ukarudi. Nikafunga chandarua, nikaenda kukoroga maharage, nikijipongeza kwa werevu wangu. Diploma ilikuwa juu ya kichwa changu, kwenye msumari wake.

Asubuhi Diwani hakuwa kijitini. Alikaa chini kwenye udongo, miguu haikukunjwa vizuri.

"Amelala," Bochaberi alisema.

"Mwache alale," nikasema, nikatafuta Biblia yangu.

Chandrakala tulimwachia chupa kama Sabato nyingine mbili zilizotangulia, alimwagie jani maji saa sita. Tulirudi kanisani saa nane, mimi, Mogaka na mtoto. Tulimkuta ameketi kwenye ngazi yetu, chupa mapajani, machozi yamechora mistari usoni.

Diwani alikuwa chali. Miguu ya nyuma ilinyooka yote, ikakakamaa, kisha ikatetemeka, ikapumzika, ikanyooka tena. Nilikuwa nimeona kitu hicho hicho jana yake kwenye kizingiti cha dirisha. Nikakumbuka darasa la chuo cha Njoro, mwalimu akiandika ubaoni vingine vinavyouawa na pareto: samaki, vyura, na vyote vyenye damu baridi. Nililinakili somo lile kwa wino mwekundu. Sikuhitaji kufungua daftari.

"Umempa nini?" Bochaberi alimfokea mwenzake.

"Maji. Maji tu." Chandrakala alikuwa akihema. "Na kumbikumbi moja. Ndogo. Bawa nilitoa."

"Nani alikwambia umpe kumbikumbi?"

"Hakula! Iko pale, angalia! Hakula!"

Nilitazama. Kumbikumbi asiye na mabawa alikuwa akitembea kwenye jani la mgomba, mzima kabisa, akiendelea na safari zake. Mtoto alikuwa anasema kweli, na shahidi wake alikuwa anatembea mbele ya macho yetu.

Bochaberi akanigeukia. "Mama, kumbikumbi inaua chura?"

Nikajibu: "Tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Hapewi kila kitu."

Kila neno la sentensi ile lilikuwa kweli. Nimeipima mara nyingi na sikuona kosa ndani yake. Ndiyo maana naiita uongo mbaya kuliko wote niliowahi kusema.

Chandrakala aliweka chupa chini polepole, akavuka uwanja, akaingia kwao. Diwani alikufa saa kumi. Alizikwa Jumapili nyuma ya choo cha uani, mahali pekee palipokuwa na udongo.

Jumatatu Bochaberi alikwenda shule peke yake. Alipompita Chandrakala kwenye lango alisema neno moja, "Muuaji," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesalimu. Nilisikia nikiwa nafunga mnyororo wa baiskeli. Ningeweza kusema papo hapo. Nilikuwa nimechelewa kazini, nikajiambia jioni. Jioni nikajiambia kesho. Neno lile likasemwa tena.

Jumanne Indu alibisha hodi, amejifunika kichwa kwa pindo la sari kama mtu aendaye msibani. Chandrakala alisimama nyuma yake.

"Mama Bochaberi," Indu alisema, "sisi nyumbani hata sisimizi hatuui. Ikiingia sukari, natoa na karatasi, napeleka nje. Huyu mtoto yangu ameua. Yeye nasema hapana jua, lakini ameua. Amekuja kusema pole."

Chandrakala alinyoosha mkono. Kiganjani mlikuwa na bangili sita za kioo, za kijani. Nilizijua, alizivaa siku za sikukuu yao tu. "Ya Bochaberi," alinong'ona.

Bochaberi alificha mikono nyuma ya mgongo.

"Na sukari guru ameacha," Indu akaongeza. "Yeye mwenyewe. Mpaka lini, hapana sema."

Niliona uso wa mtoto yule. Mashavu yake yalikuwa yamelala kabisa. Na mimi nikanyoosha mikono miwili, kwa adabu, nikapokea bangili kama mtu anayepokea haki yake. "Asante," nikasema. "Ni mambo ya watoto tu. Yataisha." Nikaziweka kabatini, nikafunga mlango wa kabati.

Ijumaa Mogaka alipokuja nilimwambia. Tulikuwa jikoni, mvua ikipiga mabati kiasi kwamba mtoto asingeweza kusikia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

"Bathsheba, ni chura."

"Si chura. Ni mtoto wa watu."

"Watoto husahau. Mwambie ni baridi. Mjini kuna baridi kuliko kwetu."

"Magwagwa kuna baridi zaidi. Mwalimu mzima hujui?"

"Sawa. Sema ni joto." Akaacha kucheka. "Sikiliza. Utasimama vipi mbele ya binti yako useme umekosa? Umemwona mama yangu akimwomba mtoto radhi hata siku moja? Na huko kazini? Mwalimu wa pareto amejitilia sumu nyumbani! Watakuimba hadi Nyamira."

Alikuwa amesema yote niliyokuwa nikijiambia mwenyewe. Kwetu sikuwahi kumwona mzazi akimwomba mtoto radhi. Mama yangu aliponipiga kwa kosa la kaka yangu, alinipa kipande kikubwa cha nyama jioni na hilo likawa neno lake la mwisho. Sabato ile tuliimba, tukasali, na nilipofumba macho nilimwona kumbikumbi akitembea.

Jumatano iliyofuata nilikuwa na baraza la wakulima upande wa Ogembo. Walikuja kama sitini, wakaketi kwenye mabenchi ya shule. Nilisema maneno yangu: haimdhuru mtu, haimdhuru ng'ombe, inamaliza mdudu. Mzee mmoja, Nyangau, aliyekuwa amechimba bwawa la samaki mwaka uliopita na kujulikana tarafa nzima kwa ajili yake, akainua mkono.

"Mwalimu, magunia yangu ya pareto nikiyafulia bwawani?"

"Usithubutu, mzee," nilijibu kabla hajafunga mdomo. "Samaki watakufa. Vyura pia. Hata mdudu aliyeguswa na pareto usiwatupie."

"Umeona wewe, au ni ya vitabu? Maana samaki wangu si kunguni." Watu wakacheka.

Nilifungua mdomo kusema ni ya vitabu.

"Nimeona," nikasema. "Nyumbani kwangu. Binti yangu alikuwa na chura mdogo. Nikamlisha nzi waliozimia kwa pareto. Akafa siku ya pili."

"Na kwa nini ulimlisha chura?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka nyuma, na benchi zote zikaangua kicheko. Nikangoja waishe.

Nyangau hakucheka. "Basi nitayafulia mbali," alisema. "Asante kwa kutuambia, mwalimu. Mwingine angeficha."

Nikakunja karatasi zangu. Nilikuwa nimeungama mbele ya watu sitini ambao wengi wao sikuwajua kwa majina, na haikuniuma hata kidogo. Nikajua kwamba sikuwa nimeogopa kuimbwa hadi Nyamira. Nilikuwa nimeogopa jicho la mtoto mmoja.

Landrova ya idara ilinishusha nyumbani saa kumi na moja. Chandrakala alikuwa kwenye ngazi ya jiko lao, akimchambulia mama yake mchele. Bochaberi alikuwa mezani kwetu na daftari. Sikuvua hata koti. Nilichukua bangili kabatini, nikamwita Bochaberi, nikasimama katikati ya uwanja, nikamwita Indu.

"Diwani nilimuua mimi," nilisema.

Indu aliinua macho kutoka kwenye ungo. Nikaeleza yote: kunguni, nzi wa dirishani, jua lililokuwa linazama. Nilieleza kama ninavyoeleza barazani, hatua kwa hatua, maana sikujua njia nyingine.

Bochaberi ndiye aliyeuliza. "Wale nzi wa Ijumaa?"

"Wale."

"Ulijua Ijumaa?"

"Ijumaa sikufikiri. Nilikuwa na haraka. Nilijua Jumamosi."

"Jumamosi saa ngapi?"

"Nilipomwona. Hapo mlangoni."

Nilijua swali linalokuja, nikalingoja.

"Kabla hujasema mambo ya tumbo dogo?"

"Kabla."

Hakulia. Ningependa alie. Alinitazama tu, kama alivyolitazama lori siku ile tulipohama.

"Mimi sikuua?" Chandrakala aliuliza.

"Hukuua."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kumbikumbi wako hakuguswa. Nilimwona mimi mwenyewe akitembea, na nikanyamaza."

Mtoto yule akauweka uso wake kwenye magoti akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho bila shaka kilikuwa kimezuiwa wiki nzima na zaidi. Indu alisimama. Mchele ulimwagika, hakuutazama.

"Siku kumi na moja," aliniambia. "Mimi pia nilisema yeye ameua. Mimi mama yake. Bibi yake Kisumu nimeandikia barua."

"Najua."

"Hapana. Wewe hapana jua."

Alikuwa na haki. Nilipiga goti kwenye saruji, kwa sababu Chandrakala alikuwa ameinama na sikutaka kusemea juu ya kichwa chake. "Nisamehe," nikamwambia, nikamnyooshea bangili. Kisha nikageuka, nikasema neno lile lile kwa Bochaberi. Ni neno jepesi. Sijui kwa nini watu wa kwetu tuliliona zito hivyo.

Bochaberi alizichukua bangili mkononi mwangu bila kunigusa vidole, akanipita, akaketi kwenye ngazi karibu na Chandrakala.

"Nilikuita muuaji," alisema.

"Ndiyo," Chandrakala alijibu ndani ya magoti. "Mara tatu."

"Nne."

Kichwa kikainuka. "Tatu! Mimi nilihesabu."

"Ya nne nilisema chini chini."

Chandrakala alifikiri, akapangusa pua kwa mkono wa gauni. "Ya nne sikusikia. Hiyo toa."

"Nimetoa."

Indu alikuwa ameingia ndani. Alirudi na kipande cha sukari guru, kikubwa kama ngumi ya mtoto, akakivunja kwenye ukingo wa ngazi. Akampa binti yake nusu, akampa binti yangu nusu. Kwangu hakutazama. Nilikuwa bado nimepiga goti, nikaona upuuzi kuendelea hivyo, nikasimama, nikaanza kuokota mchele uliomwagika. Hakunizuia, wala hakunisaidia.

Bochaberi alizungumza na mdomo umejaa. "Mama Chandrakala, naweza kula kwenu leo?"

Hakuniuliza mimi. Tangu azaliwe hakuwahi kuketi kwenye meza ya watu bila kuniomba ruhusa kwanza.

Indu alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu atoke ndani. Nikaitikia kwa kichwa.

Nikamaliza kuokota mchele, nikauweka kwenye ungo wake, nikauweka ungo juu ya pipa. Kisha nikaingia kwangu, nikawasha jiko, nikasonga ugali wa mtu mmoja.